Usilale kwa Makau Kabla ya Mbuzi Kufika

Makongeni, Thika
14 Juni 2025

Kwa Muoki, mdogo wangu mpendwa,

Natumai karatasi hii inakupata ukiwa mzima, wewe pamoja na hilo jua la Lodwar ambalo watu wanasema linaivisha chapati bila jiko. Mguu wako uliopigwa na bomba umepona? Usiuharakishe. Mkeo Kavata na watoto nilisikia wako sawa huko nyumbani Kithyoko, na ndengu ilikubali kidogo msimu huu, tushukuru Mungu. Mwaitu, mama yetu, bado analalamika macho lakini mtu akipita barabarani anamjua kabla hata hajasalimia.

Mimi mwili ni mzima isipokuwa hili goti la kulia, ambalo likipigwa na baridi ya Thika asubuhi linalia kama bawaba ya geti. Mke wangu Mbithe na watoto wetu wako Changamwe, hawajambo, na wananidai kurudi.

Utashangaa kwa nini nimekaa chini kuandika kama mtoto wa bweni anaomba sabuni. Ni kwa sababu kwa simu ungenikatiza. Tena ukuta wa ploti hii ni mwembamba, jirani akikohoa mimi ndiye naomba samahani. Na haya mambo yangu sitaki yasikike na mtu mwingine kabla yako. Barua hii nitampa dereva wa basi la Kitale aifikishe mpaka kwa yule rafiki yako wa duka la mitambo, unitumie neno ukishaipata.

Ujumbe wako niliusoma. Nimefurahi kampuni imekuchagua uje Ruiru miezi sita kwa kazi ya mabomba ya maji. Nikaona umesema watakupa pesa ya nyumba kila mwezi, na wewe hutapanga nyumba, utalala kwa dada yetu Syokau pale Membley, ndio hiyo pesa ibaki mfukoni umalizie tangi la mwaitu. Ukaandika, "Si kuna kile chumba cha nyuma, wewe mwenyewe ulilala bure."

Muoki, usilale huko. Hata usiku mmoja. Hata kama basi limekushusha na mvua inanyesha na Syokau amekuja kukuchukua na mwavuli, sema asante dada, halafu uende zako. Kuna kitu kikubwa kitaharibika ukilala pale, na hicho kitu mimi ndiye nilikiharibu mara ya kwanza. Tena nilikudanganya. Nilikuambia harusi ya Mbinya, binti wa Syokau, iliahirishwa na watu wa yule kijana. Si wao. Ni mimi.

Nianzie pale pale pa pesa, kwa sababu huko ndiko nilipotelea.

Unakumbuka mwaka wa ishirini na mbili bosi wetu Ketan alinitoa Mombasa akaniambia nije Thika miezi minane, nifunge mashine mpya za kushona magunia. Nije peke yangu, familia ibaki. Akaongeza pesa ya nyumba. Mimi nikaona hapa Mungu amenifungulia. Mtu wa peke yake anahitaji nini? Godoro na msumari wa kutundika shati. Nikasema kodi nitaiepuka kabisa, niweke kila kitu, nikirudi nijenge vile vyumba viwili vya Kithyoko.

Nikapitia nyumbani kwanza. Nikamwambia mwaitu nitalala kwa Syokau. Aliacha kupepeta. Akaniuliza, "Kwa Makau? Ametoa nini kwa boma hili ndio ulale kwake?" Nikacheka. Nikamwambia mwaitu hayo ni ya zamani, siku hizi watu wanaangalia bajeti. Akasema, "Haya, mtu wa bajeti." Akaendelea kupepeta.

Wewe unajua vile baba alikuwa anasema. Mwanamke ambaye hajatolewa ntheo, zile mbuzi tatu za kwanza, hata akizaa kumi na ajengewe gorofa, bado ni msichana wa kwao. Makau alimchukua Syokau wakiwa vijana wa kupanga chumba hapa hapa Thika. Akamwambia baba mbuzi zinakuja Desemba. Baba amezikwa, Desemba ngapi zimepita. Si kwamba Makau hana. Huyu mtu anauza ploti, ana gari mbili, geti lake linafunguka na rimoti. Ni vile aliona sisi ni watu wa kungoja.

Basi nikaingia Membley na begi yangu. Makau alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Nikapewa chumba cha nyuma, kile cha mfanyakazi, na hapo sikuona ubaya, kwani nilitoka kwetu nikilala wapi? Maji moto, stima, chakula. Wiki ya kwanza nikampigia Mbithe nikamwambia nimeangukia mahali.

Halafu pole pole. Mara, "Shemeji, ukitoka kwa kiwanda utuangalilie hiyo pampu." Nikaangalia. Mara geti limekwama. Mara mabati ya gereji yanavuja. Jumamosi watu wanapumzika, mimi niko juu ya ngazi. Nikawa nasema moyoni ni sawa, silipi kodi. Akaniambia viatu vyangu vya kazi nisiviache mbele ya mlango, wageni wanaona. Nikaviweka nyuma. Akaniambia wakiwa na wageni nikulie jikoni, meza ni ndogo. Muoki, ile meza inakaa watu wanane.

Mbinya peke yake ndiye alikuwa ananiletea chai kule nyuma, anakaa kwa mlango ananipigia hadithi. "Anko, niaje? Leo wamekufanyisha overtime tena?" Alikuwa anamaliza chuo wakati huo. Huyo mtoto alikuwa ananiheshimu. Kumbuka hilo.

Sasa siku moja nilikuwa chini ya ile pampu, uso wote ni grisi. Akaja jirani yao mmoja anaitwa Jignesh, mtu mstaarabu sana, ana shida na pampu yake pia. Akamuuliza Makau, "Huyu fundi wako anachukua ngapi kwa siku?" Makau alikuwa anaosha kioo cha gari. Hata hakugeuka. Akasema, "Huyu? Huyu ni wa chakula tu."

Wa chakula tu.

Syokau alikuwa hapo kwa veranda anachagua maharagwe. Alisikia. Nilimwona vile mkono wake ulisimama, halafu ukaendelea kuchagua. Jignesh alinipeleka kwake, nikamrekebishia, akanilipa vizuri na akaniita bwana Nicanor. Mtu baki.

Na jioni nikarudi kwa Makau nikakula. Hiyo ndiyo sehemu sijaambia mtu mpaka leo, hata Mbithe. Nilinawa ile grisi, nikakaa kule jikoni, nikakula ugali wa mtu aliyenitangaza hivyo, na nikaongeza. Ningeweza kutoka usiku huo. Chumba Kiandutu kilikuwa cha bei ya kuku wawili. Lakini nilikuwa nahesabu ile kodi sijalipa, na hesabu ikawa tamu kuliko heshima. Nikasema nimeze tu, miezi ni michache.

Sikumeza. Niliweka shavuni. Kila nati niliyokaza pale kwake, kwa akili nilikuwa nakaza shingo yake. Nilikuwa nalala kwa kile chumba nikipanga vile nitamlipa, na nilijua hakuna haja ya kutumia nguvu. Alikuwa ameshanipa rungu mwenyewe, tangu siku alimwambia baba mbuzi zinakuja Desemba. Msichana wake akija kuposwa, atasimama wapi kupokea mali ya wakwe, yeye ambaye hajatoa ya mama yake? Nilimaliza kazi, nikamshukuru Makau kwa mikono miwili, nikarudi Mombasa. Nikangoja kadi ya mwaliko.

Kadi ikaja mwaka uliofuata, Desemba. Unaona vile Mungu ana ucheshi. Kijana anaitwa Gathogo, Mkikuyu wa Kalimoni, kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa, yeye ana duka la vifaa vya stima. Kijana mpole. Anampenda Mbinya mpaka anachekesha.

Sasa sikia vile zile pesa nilizohifadhi ziliisha. Niliteremka Kithyoko, nikakodi gari, nikajaza mafuta, nikampakia baba mdogo Muasya na wazee wengine watano. Njiani wakala nyama Matuu, nikalipa. Wengine walihitaji koti, nikanunua. Kodi yote ya miezi minane niliyojinyima heshima ili niiweke, niliichoma kwa kupeleka wazee Membley wakanisaidie kulipiza kisasi. Vyumba viwili vya Kithyoko mpaka leo ni msingi na mbuzi wanalala juu yake. Hiyo ndiyo bajeti yangu.

Na baba mdogo Muasya sikumwambia nililala pale. Nilimwambia tu Makau anataka kula mali ya mjukuu wetu kimya kimya. Akawaka.

Tulifika hema zimejaa. Wakwe kutoka Kalimoni wameshakaa, kina mama wao wameimbiwa getini, soda zimepangwa. Wasichana walikuwa wameletwa wamefunikwa leso kutoka kichwa mpaka miguu, wamesimama mstari, ndio Gathogo amtafute wake kati yao, vile Wakikuyu hufanya. Watu wanacheka, wanamtania, "Ukikosea unaoa huyo!" Gathogo amesimama na jasho.

Hapo ndipo niliinuka. Nilichagua hapo, Muoki. Ningeweza kumwita Makau kando asubuhi. Ningeweza kuja wiki moja mbele. Nilitaka aone macho ya wakwe zake.

Nikasema kwa sauti, "Wageni wetu, karibuni sana, lakini mmekosea mlango. Huyu msichana si wa boma hili. Mama yake hajatolewa hata mbuzi moja. Ni wa boma la baba yetu, Kithyoko, na mlango wake uko huko." Wazee wangu wakaitikia.

Nilimwona Makau akipauka. Sitakudanganya, nilisikia utamu mpaka kwa vidole vya miguu. Kama ningekufa saa hiyo ningekufa nimeshiba.

Lakini yule ni mtu wa kuuza ploti, hakosi maneno. Alivuta pumzi, akacheka, akasema, "Mbuzi? Mbuzi za Nicanor si alikula? Amelala hapa miezi minane, maji moto, nyama, stima, hakutoa hata senti. Mwambieni ajumlishe. Mbuzi zake azitafute kwa choo changu, huko ndiko aliziacha."

Watu wakacheka. Hata watu wa Kalimoni, wengine waliinamisha vichwa mabega yanatikisika. Na baba mdogo Muasya akanigeukia pole pole, akaniuliza kwa Kikamba mbele ya wote, "Ulilala kwa muthoni, mkwe ambaye hajatoa mbuzi? Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamjibu, "Nilikuwa naepuka kodi."

Ndugu yangu, hiyo aibu ikanipanda kichwani. Kama ningenyamaza hapo wazee wangetengeneza. Watu wa Kalimoni wenyewe wanajua haya mambo, hata kwao mtu hali mali ya binti na ya mama bado. Wangesema Makau lete mbuzi mwezi ujao, tukala, tukacheza. Lakini mimi nilitaka neno la mwisho. Nikainama nikachukua udongo wa lile ua la maua yake, nikaapa: mbuzi za Makau hazitakanyaga boma la baba kwa mkono wangu, na nikizifungulia geti, udongo huu unifunike.

Nikamwaga ule udongo kwa meza ya keki.

Mjomba wa Gathogo, mzee mpole, akasimama. Akasema, "Sisi tutarudi siku mtakuwa mmekubaliana kwenu." Wakaondoka taratibu bila kuonja kitu. Gathogo alikuwa anavutwa mkono.

Na wale wasichana bado walikuwa wamesimama mstari, wamefunikwa, hawaoni. Mmoja mmoja wakaanza kujifunua na kukimbilia nyumba. Akabaki mmoja. Akajitoa leso mwenyewe, akaikunja vizuri mara nne kama mtu anarudisha nguo ya kuazima, akaja mpaka mbele yangu. Hakulia. Akaniuliza, "Anko, sasa umelipwa?"

Nikapanda gari na wazee wangu, na mpaka Kithyoko hakuna aliyeniongelesha.

Syokau alinipigia mara moja tu, siku tatu baadaye. Alisema, "Makau alikudharau mbele ya jirani mmoja. Wewe umenianika mbele ya ukoo mzima wa mtoto wangu. Umewaambia mimi si mke wa mtu." Nikaanza kumwambia kuhusu ile siku ya pampu, kwamba alisikia na hakusema. Akasema, "Nilisikia. Nikalia usiku. Na wewe ukala ukaongeza." Akakata. Tangu hapo nambari yangu haiingii kwake. Ndio maana ukiniuliza Syokau anasema nini nilikuwa nakujibu yuko sawa.

Nilikaa mwaka mzima nikisema ni haki yake Makau. Mbithe akinigusia, nawaka. Nikienda kanisani nasimama nje. Sikuwa nataka kusikia mahubiri ya kusamehe, niliona mchungaji ameambiwa.

Februari hii Ketan akanirudisha Thika tena, zile mashine ziangaliwe. Safari hii nikapanga chumba hapa Makongeni, nyuma ya kanisa. Wiki mbili zilizopita, Jumapili, nikasikia hodi. Mbinya. Amepungua. Anafanya kazi kwa hosteli moja ya wanafunzi Kahawa Wendani, anasimamia vyumba. Akakaa kwa ndoo kwa sababu mimi nina kiti kimoja na kilikuwa na nguo.

Nikamtengenezea chai. Ilikuwa zamu yangu.

Akaniambia baba yake amenunua mbuzi. Zote tatu, beberu mwekundu na majike wawili. Mama yake alimwambia Makau, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kwamba atarudi Kithyoko akae kama msichana wa kwao mpaka atolewe. Akafunga begi. Makau akaenda soko mwenyewe. Lakini alipotuma ujumbe kwa baba mdogo Muasya, akaambiwa boma limefungwa na kiapo, hakuna mzee atakayefungua geti. Basi mbuzi hazina pa kwenda. Na unajua ziko wapi? Amezifunga kwa kile chumba cha nyuma nilicholala. Zinalia usiku kucha pale Membley kati ya magari. Kamati ya esteti imemwandikia barua mbili. Jirani Jignesh amemuuliza kama amefungua zizi.

Mbinya alikuwa ananieleza kwa uchungu, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mbuzi kwa kile chumba, Makau anafagia mavi na suruali ya ofisi! Mbinya akaweka kikombe chini. Akasema, "Cheka, Anko. Mamake Gathogo amesema wataningoja mpaka Agosti. Baada ya hapo wamtafutie mwingine." Akaosha kikombe, akaenda.

Na nikuambie ubaya wangu wote ndio uishe. Nilijua dawa siku hiyo hiyo. Nilimpigia baba mdogo Muasya jioni, akasema, "Mdomo uliofunga haufungui. Lakini baba yenu alikuwa na wana wawili." Maana yake ni wewe, kwa sababu geti la baba linafunguliwa na mwana wake tu. Ukisimama kwa geti na wewe ndiye unapokea, kiapo changu hakijavunjwa na mbuzi zimeingia. Niliyajua hayo, nikakaa nayo wiki mbili. Kila usiku nilikuwa nalala nikifikiria zile mbuzi zinamlilia Makau dirishani, nasema acha zilie tena leo. Acha na kesho. Nilikuwa namla Mbinya siku zake za kungoja kama mtu anayekula karanga.

Halafu ujumbe wako ukaja, kwamba unaenda kulala Membley ili uepuke kodi. Nikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Makau atakupokea vizuri sana, Muoki. Atakupa kile chumba, mbuzi azitoe, azirudishe sokoni. Halafu siku ya kuongea atasema ndugu wote wawili wamekula kwangu, mbuzi gani tena? Namjua. Na safari hiyo hatutakuwa na mtu wa kufungua geti. Agosti itapita.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukitoka Lodwar mwanzo wa mwezi wa saba, usishuke Ruiru. Pitiliza mpaka nyumbani. Baba mdogo ameshaambiwa, atamwita Makau. Mpokee kwa geti. Mbuzi zikague meno, na ikiwa kuna moja inachechemea, mwambie airudishe alete nyingine, usimwonee aibu. Kiti cha baba usimkalishe. Sijamsamehe yule mtu na sikuombi umsamehe kwa niaba yangu. Mimi sitakuwepo, nitakuwa Mombasa, kwa sababu nikimwona uso naweza kufungua mdomo tena.

Kuhusu kuhifadhi pesa, sikuachi hivyo hivyo. Mimi namaliza hapa mwisho wa mwezi huu. Chukua chumba hiki. Dipoziti niliyoweka nimemwambia mwenye ploti ikae kwa jina lako. Nakuachia godoro, jiko la gesi ndogo, sufuria mbili, ndoo na kile kiti. Usinunue kitu chochote cha nyumba utakayoiacha. Ukitoka nyumbani beba ndengu na unga, pika mara moja ule siku tatu. Gari la wafanyakazi wa Ruiru linapita hapa barabarani alfajiri, uliza. Siku ya mshahara mtumie Kavata kabla hujanunua hata soda, na umwambie pesa ya nyumba ni ngapi. Mimi nilimficha Mbithe hiyo, ndio maana ilikuwa rahisi kuichoma. Kodi ya hapa ni kidogo, na ukishalipa, unakula ugali wako umeegemea ukuta wako na hakuna mtu atakuambia ni wa chakula tu. Nyumba ya bure nimeishi, sijawahi kulipa ghali hivyo.

Jambo la mwisho. Ile mbuzi moja ya sherehe ikichinjwa, fungu langu usiniletee. Mpe Syokau, mbele ya watu, akiwa amekaa kwa kiti. Usimwambie ni mimi nimesema.

Na Mbinya akikuuliza habari yangu, mwambie lile swali lake nimelifikiria. Mwambie jibu ni hapana. Sikulipwa kitu.

Nisalimie mwaitu ukimpigia, umwambie mtu wa bajeti anamsalimia, yeye ataelewa. Salamu kwa Kavata na watoto, na kwa yule rafiki yako wa duka. Mungu wa baba yetu akutangulie hiyo njia yote kutoka Turkana, akupitishe geti la Membley bila kukata kona, na akufikishe Kithyoko mzima.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ambaye umebaki kuwa mkono wake wa pili,

Nicanor

Nilikuwa nimesahau. Yule beberu mwekundu Mbinya anasema ndiye analia kuliko wengine. Huyo usimchinje, chinja jike mmoja. Yeye mwache kwa boma awe mzee. Tumelala chumba kimoja.